Foleni ya Chupa Tupu pale Kizota

Umewahi kuona watu wazima, na heshima zao, wamepanga foleni dukani kulipia chupa tupu za mafuta ya kula?

Sio kuzijaza. Kuzilipia. Mafuta yenyewe yalishaliwa, yakawa vitumbua na mchuzi, yakasahaulika.

Mimi nimeona. Kizota, hapa hapa Dodoma, Jumatatu asubuhi jua likiwa bado halijakasirika.

Na foleni yenyewe niliipanga mimi.

Vuta kigoda nikupe.

Naitwa Zipora, ila mtaani ukiuliza Zipora utazunguka mpaka soli iishe. Uliza Mama Henry. Nilikuwa mlinzi wa mchana kwenye duka la Bosi Imtiaz, lile la mtu kuingia, kuchukua mwenyewe kwenye shelfu, halafu kulipa kwa keshia.

Bosi hakuniajiri kwa ajili ya misuli. Aliniajiri kwa ajili ya mdomo.

"Mama Henry, wewe unamjua kila mtu hapa. Wewe ndiyo kamera yangu."

Maana kamera yenyewe, ile iliyoning'inia juu ya mlango ikiwaka taa nyekundu, ndani ilikuwa na betri na vumbi. Aliinunua kwa wauza midoli. Siri hiyo tuliijua bosi, mimi na keshia wetu Gladness, binti mpole wa Gulwe anayesema "asante, karibu tena" hata kwa mtu aliyeuliza bei akaondoka.

Sasa bei zikaanza kupanda. Ukiamka unakuta bei imeamka kabla yako, imeshaoga na kunywa chai. Redioni wataalamu wakatuambia tuvumilie, hali inatia moyo. Tukavumilia. Moyo ukatiwa, sufuria ikabaki kavu.

Na vitu vikaanza kuyeyuka dukani.

Kwanza mafuta ya kula. Kisha sukari. Kisha sabuni za kufulia, maana mwizi naye anachafuka.

Bosi akaenda kwa mafundi wa kuchomelea, wakamtengenezea kizimba cha wavu, mafuta yakaingizwa humo na kufuli juu. Nikasema makubwa. Wezi wanatembea mtaani, mafuta yako mahabusu.

Ila kila mteja akitaka mafuta anaita ufunguo. "Ufunguo huku!" "Dada, ufunguo!" Kufika mchana tumechoka, kizimba kinaachwa wazi, na mafuta yanaendelea kutoroka kama kawaida.

Hapo ndipo nikatoa wazo langu la kisomi.

"Bosi, tuweke alama. Kila kitu tukitie nukta chini kwenye kitako kwa rangi yangu ya kucha. Mtu akilipa, Gladness anaifuta na dawa. Mtu akitoka na kitu chenye nukta, huyo hajalipa, namdaka hapa hapa mlangoni."

Bosi alifurahi nusura anikumbatie. Rangi yangu ni ya zambarau, kama zabibu za Makutupora zikiiva. Tukatia nukta duka zima. Siri ya watu watatu.

Sikumdaka mtu.

Hata mmoja. Na vitu vikazidi kupungua.

Bosi akaniuliza, "Mama Henry, kweli hapo mlangoni unaangalia?"

Nikaona kama amenitukana. "Bosi, mlango huu hapiti hata nzi bila mimi kujua anatoka wapi na amegombana na nani!"

Bahati mbaya maneno hayo niliyasema mbele ya Mzee Respicius.

Mzee Respicius ni kiongozi wa ulinzi shirikishi mtaani kwetu. Ana filimbi, ana kirungu, na ana koti refu la ulinzi analolivaa kuanzia asubuhi, kwenye jua hili la Dodoma la kukaanga karanga barabarani. Alikuwa anakuja dukani kila mara "kukagua usalama wa shelfu". Mimi nikimwona anatembea polepole ameshikilia tumbo ndani ya lile koti, nampa pole ya homa.

"Shikamoo mzee. Bado homa?"

"Marahaba, mwanangu. Inanisumbua. Halafu umesikia ya yule fundi cherehani na mke wake?"

Nani angekumbuka homa hapo?

Basi mzee alivyonisikia nikijisifu, akakohoa kiserikali.

"Imtiaz, hesabu ni nyepesi. Kama mlangoni hapiti hata nzi, basi mwizi yuko ndani. Na ndani kuna nani? Keshia. Anawapitishia watu wake bila kulipa."

Gladness akaanza kulia pale pale.

"Sio mimi, bosi. Wallahi... jamani, naapa kwa Mungu sio mimi."

"Wote wanasema hivyo," mzee akasema. "Jumatatu asubuhi nampeleka kituoni mwenyewe. Huko atakumbuka."

Bosi alikuna kichwa muda mrefu, mwisho akakubali. Habari ya polisi, nyie mnajua inavyokwenda. Ingefika Gulwe kwa mama yake kabla ya treni, na ikishafika haina tiketi ya kurudi.

Nilimhurumia binti wa watu. Ila kusema nilisogeza hata kidole, hapana. Niliamini hesabu ya mzee. Mimi mlangoni nilikuwa imara, si ndiyo?

Sasa twende nyumbani kwangu.

Mimi nyumba isiyo na watu siiwezi, naumwa. Kila Jumapili baada ya ibada kwangu kunajaa. Nyama ikipatikana nyama, isipopatikana tunakula stori. Na kwetu mgeni haji mikono mitupu, huo ndio uungwana. Basi mimi nasimama mlangoni napokea na kutangaza mpaka jirani wa tatu asikie.

"Jamaniii, Joha kaja na mafuta! Mwanamke ana mkono huyu!"

"Lameck kaleta sukari! Fundi pikipiki mwenye moyo!"

Vigelegele, watu wanacheka, mgeni anaingia kifua mbele.

Nilikuwa nashangaa kidogo kwamba vyuma vimekaza nchi nzima lakini zawadi kwangu zinaongezeka. Nikasema ni upendo. Watu wananipenda, nifanyeje?

Jumapili hiyo, ile ya kuamkia siku ya Gladness kupelekwa kituoni, alikuja Ruthu. Ruthu tulikuwa mashoga wa kufa na kuzikana, ila alikuwa amepotea muda mrefu. Akaja mikono inaning'inia.

Na mdomo wangu, unaujua.

"Karibu Ruthu! Leo umetuletea afya njema!"

Sebule ikaangua kicheko. Mzee Respicius, aliyekuwa kwenye kochi zuri na koti lake kwenye msumari, akacheka mpaka akafuta machozi. Ruthu akatabasamu kwa nusu ya mdomo, akapitiliza jikoni kunisaidia kukata vitunguu.

Nikaweka sufuria motoni. Chupa ya mafuta ilikuwa imebaki na yale ya mwisho, na siku hizi hakuna mtu anayetupa chupa kabla haijainamishwa mpaka tone la mwisho lidondoke. Nikaipindua juu ya sufuria, nikaishikilia hivyo, miguu juu kichwa chini.

Kitako cha chupa kikawa kinanitazama usoni.

Nukta. Ya zambarau.

Nikasema macho yangu yana moshi. Nikachukua lile dumu kubwa alilonipa Mzee Respicius, sasa tupu, nikaligeuza. Nukta. Sabuni ya Joha, nukta. Paketi ya sukari ya Lameck, nukta, tena imekolea, nakumbuka siku ile rangi ilinimwagikia. Chini ya meza kulikuwa na chupa tupu ninazotunzia karanga na dagaa. Nikazipindua zote.

Jiko langu zima lilikuwa limepakwa rangi ya kucha.

Nikakaa kwenye ndoo.

Ruthu akaacha kisu. "Umeona nini?"

Nikamweleza kwa kunong'ona. Akasema taratibu, "Kwa hiyo duka la bosi wako unalilinda mchana, Jumapili unalila."

Yaani kama angenizaba kofi ningeshukuru.

Nilifikiria kukausha, sikufichi. Mlinzi amekutwa na mali ya duka jikoni kwake, hakimu gani ataamini hadithi ya wageni? Kirahisi kabisa ningekaanga vitunguu, tukala, kesho Gladness akaenda zake kituoni, mimi nikaendelea kuwa Mama Henry.

Sebuleni nikamsikia Mzee Respicius anasema, "Kesho ndio mwisho wa kile kibinti. Wizi ni tabia mbaya sana."

Akaongeza, "Mama Henry, chakula vipi?"

Nikachukua sinia kubwa la pilau. Nikapanga chupa, dumu, sabuni na sukari, vitako juu. Nikatoka nalo, nikaliweka katikati ya mkeka.

"Karibuni. Mzee, tubarikie."

Mzee akainama juu ya sinia.

"Sasa hiki ndio chakula gani?" mzee akauliza.

"Hiki ni kile mlicholeta. Hizo nukta ni alama ya duka letu. Kitu kikilipiwa, nukta inafutwa. Dumu lako ndilo hilo la mbele, mzee wangu."

"Hiyo... hiyo itakuwa ya kiwandani."

Nikamnyooshea mkono, kucha zote za zambarau. "Kiwanda ndicho hiki."

Sijawahi kuona watu wakikumbuka shughuli zao kwa kasi ile. Mmoja ameacha maharage jikoni, mwingine mtoto anaumwa. Lameck alishafika mlangoni, akamkuta Ruthu amesimama hapo na kile kisu cha vitunguu. Hata kukiinua hakukiinua. Lameck akarudi kukaa.

"Mmepitaje?" nikauliza. "Mimi si nilikuwepo pale?"

Joha ndiye aliyejibu, amekasirika kuliko mimi.

"Ulikuwepo? Mama Henry, ukipewa habari mpya wewe unakuwepo? Mimi nilikusimulia ya dada wa saluni na yule mwanajeshi, ukaniambia rudia pale pa mwanzo. Nilikuwa na mafuta kwapani muda wote!"

Lameck akaongezea kwa sauti ndogo, "Ile ya fundi cherehani tulikuwa tunapokezana. Leo yangu, kesho ya mzee."

Kwa hiyo na homa ya mzee ilikuwa na ujazo wa dumu.

"Lakini kwa nini kuniletea mimi? Si mngekula kwenu?"

"Kwangu tunakula mlenda bila kutangaziwa!" Joha akawaka. "Wewe ndio unanadi watu mlangoni kama mnadani. Ulimfanyia Ruthu mara ya kwanza, hajarudi mpaka leo, na leo umemfanyia tena. Nani alitaka kuwa Ruthu?"

Nikamwangalia Ruthu. Akawa anaangalia kisu chake.

Nikakosa neno. Mimi! Waandike hiyo tarehe.

Mwishowe nikasema, "Kesho asubuhi, kabla mzee hajamgusa Gladness, kila mtu anabeba chake, anakwenda kulipia."

"Chupa tupu?" Lameck akauliza.

"Chupa tupu. Asiye na cha kulipa aazime, auze kuku, ni juu yake."

"Tutasema nini?"

"Semeni mlisahau. Mtaa mzima umesahau, ni ugonjwa."

Mzee Respicius akavaa koti, akarudisha cheo usoni. "Na mtu asipokwenda?"

"Shikamoo mzee. Asiyekwenda, nitamsimulia."

Basi tu. Hapo kirungu na filimbi vyote vikanywea.

Jumatatu nilipofungua mlango walikuwa wamepanga mstari. Joha na chupa zake, Lameck na karatasi ya sukari aliyoikunja kama cheti, na nyuma kabisa Mzee Respicius, amelibeba dumu tupu nje ya koti kwa mara ya kwanza.

Gladness alikuwa ameshafunga kimkoba chake kwa ajili ya kituoni. Mteja wa kwanza alipoweka chupa tupu, binti akashangaa. Ya mteja wa pili akaigeuza, akaona nukta, akanitazama. Nikamkonyeza.

Akafungua chupa ya dawa. Akafuta. Akapokea. "Asante, karibu tena."

Mmoja baada ya mwingine. Alipofika mzee, Gladness alilifuta dumu polepole. Alisema kwa nguvu duka zima lisikie, "Asante, mzee. Karibu TENA."

Bosi Imtiaz akatoka stoo akakuta mapato yanaingia na shelfu hazijaguswa. Akasimama. Akawatazama watu, akainua macho juu ya mlango, taa nyekundu inapepesa.

"Nilijua!" akapiga makofi. "Wameiogopa kamera! Gladness, binti yangu, nisamehe. Kaa kwenye kiti chako."

Gladness akakaa. Mimi nikanyamaza. Ningeanzia wapi?

Wizi ukaisha kabisa. Na wizi ulipoisha, bosi akaniita.

"Mama Henry, nimefikiria. Kamera inatosha."

Ndiyo. Umesoma vizuri. Nilifukuzwa na mdoli.

Akanipa chupa ya mafuta ya kuniaga. Nikaigeuza, nukta ipo. Nikaipeleka kwa Gladness aifute, maana siku hizi natembea na akili. Aliifuta huku analia na kucheka, akanishika mkono, hakuuachia haraka.

Jumapili iliyofuata nilidhani nitakula na kuta. Akaja Ruthu, mikono mitupu, akaingia bila hodi. Sikutangaza kitu. Tulisonga ugali wa uwele na mlenda, mboga ambayo haijui mafuta ni nini wala haijauliza. Baadaye Joha akachungulia dirishani, mikono mitupu. Kisha Lameck. Nyumba ikajaa. Mzee Respicius hajaja bado, nasikia homa imepona.

Somo? Mgeni akibisha hodi, mtazame usoni, mikono mwachie mwenyewe. Katika nyumba yangu nzima, aliyekuja bila kitu ndiye pekee ambaye hakuwa amembebesha Gladness mzigo.

Bosi Imtiaz, kama kuna mtu amekutumia hii, hujambo? Na ninyi mkipita Kizota mkaiona ile kamera, nisalimieni. Ni mfanyakazi mwenzangu wa zamani. Kazi yangu imeichukua kihalali, maana imenizidi kitu kimoja tu.

Haisikilizi umbea.