Mwezi Niliosema Nimeuona

Enzi zetu Idd haikuwa siku moja. Siku ya kwanza ilikuwa ya wakubwa: sala, kanzu zilizopigwa pasi ya mkaa, kupeana mikono nyumba kwa nyumba. Siku ya pili ilikuwa yetu watoto, na tuliiita matembezi. Nyie mliozaliwa kijijini kwetu, pwani ya Palma, kabla hatujahamishwa, mnaijua. Najua pia kwamba mkiikumbuka, kumbukumbu zenu zinaishia mahali pamoja, na hapo mnalitaja jina la shangazi yangu Somoe kwa kunong'ona. Ndiyo maana naandika. Kuna jambo la siku ile hamlijui, nami nimekaa nalo tangu nina miaka kumi.

Lakini niacheni nianze na utamu, maana ulikuwepo.

Asubuhi ya matembezi tuliamka kabla hatujaamshwa. Mama zetu walitusugulia kijiti cha msiro juu ya jiwe na kutupaka, tukatoka nyuso nyeupe, macho tu yanazunguka. Kila mmoja alibeba chake kwenye kapulana, kitambaa cha kujifunga: vitumbua vya jana vilivyoanza kuwa vigumu, kipande cha mkate wa sinia, muhogo wa kuchemsha, na mwenye bahati mguu wa kuku. Tulikutana uwanjani kwa Shangazi Somoe, dada yake baba. Hakujaliwa kuzaa, na labda kwa sababu hiyo kijiji kizima kilimpa watoto wake siku hiyo bila kuuliza mara mbili. Alikuwa mrefu, mdomo mwekundu kwa tambuu, na sheria yake ilikuwa moja: "Atakayelia arudi kwao na kilio chake." Hakuna aliyelia. Watoto wa leo ukimtuma mmoja bombani kuchota maji anakuuliza kama kuna pikipiki. Sisi tulitembea kwa miguu mpaka jua la utosi, na kurudi.

Kwanza tulifika kwenye chuma cha meli, mbavu zilizoliwa na kutu ambazo hata bibi zetu walizikuta hapo hapo. Tuligonga kwa mawe kusikia zinavyolia. Kisha Mlango wa Mawe, pale jabali lilipotobolewa na bahari. Ulipita kwa mguu wa kulia na kutoa salamu, kwa sababu Shangazi alisema wenyewe wapo. Nani wenyewe, hatukuthubutu kuuliza. Mbele yake kulikuwa na kisima cha mchangani. Maji ya bahari yakishatoka, ulifukua kwa mikono mpaka kwenye kiwiko, yakachuruzika maji matamu, baridi, hapo hapo ufukweni. Nimekunywa maji ya chupa, nimekunywa ya bomba, na sijapata tena maji kama yale.

Mwisho wa safari ulikuwa Fungu. Ni mchanga uliochomoza katikati ya bahari maji yakikauka, mweupe unaumiza macho. Kulifikia ulivuka mkondo mdogo ulioishia magotini. Huko ndiko tulikokula, tukaokota kauri na viti vya pweza vyenye ncha tano, tukachora nyumba zetu mchangani na kuozeshana. Mtoto aliyefika Funguni mara ya kwanza alimwagiwa maji kichwani akapewa jina la utani. La kwangu lilikuwa Macho, kwa kuwa niliona mbali kuliko wote. Nilijivuna nalo sana, na majivuno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Sasa lazima nieleze habari ya vyungu, kwa ajili ya wanetu watakaosoma na ambao bahari wanaiona kwenye simu. Mama zetu waliokwenda kuchokoa pweza na kuokota chaza hawakuwa na saa. Walihesabu kwa mwezi. Mwezi mosi, maji yanakauka kabisa saa nne ya asubuhi. Mwezi pili yanachelewa kwa muda wa kupika chungu cha wali mpaka kiive. Mwezi tatu, vyungu viwili. Hesabu hiyo haikuwahi kumdanganya mtu, mradi ajue mwezi umeandama lini. Shangazi Somoe aliijua kuliko wote. Ila mwaka ule macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na mwezi mchanga hakuweza tena kuuona mwenyewe.

Jioni ya ishirini na tisa tulijipanga ufukweni, tumetazama juu ya minazi upande jua linakozama. Mnakumbuka, mtoto aliyekuwa wa kwanza kuuona mwezi ndiye aliyepakwa msiro wa kwanza na kula kitumbua cha kwanza mbele ya wenzake. Mbingu ilikuwa safi. Nilitazama mpaka machozi yakanitoka. Hakukuwa na kitu. Wenzangu wakaanza kunicheka: "Macho, leo yamepofuka?" Nikanyoosha mkono nikapiga kelele, "Ule pale! Umezama, umezama!"

Shangazi akanishika bega. "Umeuona kweli, Atija?"

"Nimeuona, Shangazi."

Usiku huo redio ya ng'ambo ya Ruvuma ikatangaza kwamba mwezi umeonekana huko mbali, na wazee wakasema kesho Idd. Basi nikawa shujaa. Lakini Shangazi hakuhesabu maji kwa redio. Alikuwa akisema, "Mwezi wa redio wa kuswalia. Mwezi wa maji ni huu wa kwetu." Alihesabu kwa macho yangu.

Kesho yake, jioni ya Idd, nilitoka uwanjani na gauni langu jekundu, nikautazama. Ulikuwa mwembamba kama unywele, wa siku ya kwanza kabisa. Nilielewa. Nilikuwa na miaka kumi lakini nilielewa kwamba hesabu ya Shangazi ilikuwa imezidi kwa chungu kimoja, na kesho yake maji yangewahi kujaa kuliko alivyodhani. Nikarudi ndani nikaendelea kula.

Asubuhi tukaondoka watoto kumi na moja. Mdogo kuliko wote alikuwa Ancha, mwenye miaka sita, mtoto pekee wa jirani yetu. Yalikuwa matembezi yake ya kwanza, na mama yake alimshika mkono mpaka mwisho wa kijiji akisema, "Shika kapulana ya Bibi Somoe, usiachie." Tulipita kwenye chuma, tukapita Mlango wa Mawe. Kwenye kisima Shangazi akasimama. Maji yalikuwa yametoka mno kwa saa ile. Aliuchezesha mguu kwenye mchanga, ulikuwa umeshakauka juu. Akaniita pembeni.

"Atija. Ule mwezi, nnakuuliza tena. Uliuona?"

Ningesema hapana, tungerudi. Tungekula vitumbua vyetu chini ya jabali na wenzangu wangeninyima maneno mwezi mzima. Hicho ndicho nilichokiogopa, kununiwa na watoto.

"Niliuona," nikasema.

"Haya. Bahari nayo ina siku zake," akasema, tukavuka.

Nyie mliokuwepo mnajua yaliyobaki, lakini nayasema ili yakae mahali pamoja. Fungu lina tabia mbaya. Mbele yako bahari inaonekana bado iko mbali, imetulia, kumbe nyuma mkondo unajaa kwanza. Shangazi alikaa akitutazama, amempa mgongo mkondo, anahesabu chungu ambacho hakikuwepo. Alipogeuka maji yalikuwa kifuani kwa mtu mzima, tena yanakimbia. Hakupiga kelele. Alizifunga kapulana zetu ncha kwa ncha, akawashikisha wakubwa, akamtanguliza Zuhura, mkubwa wetu, aliyejua kuogelea. Yeye akabeba wadogo wawili wawili, akaenda, akarudi, akaenda, akarudi. Mara ya mwisho alikuwa na Ancha peke yake mgongoni. Katikati ya mkondo wote wawili wakazama. Shangazi aliibuka na ile kapulana aliyomfungia. Ilikuwa tupu.

Tulimpata Ancha wakati wa magharibi, pale Mlango wa Mawe. Msiro ulikuwa umemtoka wote usoni.

Matembezi yakafa siku hiyo. Hakuna mtu aliyemshitaki Shangazi Somoe, kwetu hatukuwa na desturi ya kushitakiana kwa mambo ya Mungu. Walimtenga tu. Akija kisimani, watoto waliitwa nyumbani. Akipika shughulini, chungu chake kilirudi kimejaa. Mama Ancha alihamisha mlango wa nyumba yake ukatazama upande mwingine. Na wanawake, wakitaka kumwonya mzembe, walisema, "Usihesabu kama Somoe." Mama yangu mwenyewe alilisema hilo mbele yangu, nikainama nikaendelea kuchambua mchele. Niliona aibu, ila woga ulikuwa mkubwa kuliko aibu, na miaka ikaenda hivyo hivyo. Nikaolewa, nikazaa, na watoto wangu nao wakalijua neno hilo bila kujua limetoka wapi.

Kisha mnajua yaliyotufika. Gesi iliyogunduliwa, uzio wa kampuni, kuhamishiwa kijiji kipya cha Kitunda, halafu vita, mbio, kulala porini, na waliobaki kurudi kwenye hizi nyumba za matofali zilizopangwa mistari kama madawati ya shule. Nyumba ziligawiwa bila kuangalia nani hasemi na nani. Shangazi akaangukia mstari mmoja na Mama Ancha, milango inatazamana. Wazee wawili walikaa miaka wakitazamana kila siku, na mmoja wao aliwahi kuhamisha mlango ili asimwone mwenzake.

Mwaka huu Shangazi aliugua. Nilikuwa namwogesha na kumlisha uji. Alasiri moja, naye yuko kitandani amelala chali, ikanitoka bila kuipanga.

"Shangazi, ule mwezi sikuuona."

Hakuuliza mwezi gani. Nje mtu alikuwa anatwanga.

"Na nilipokuuliza kule kisimani?"

"Nilikudanganya pia."

Akageuza uso ukutani. "Mie nilidhani nimekosea hesabu," akasema. "Miaka yote. Kila nikipika wali nnahesabu. Nnahesabu, nnaipata sawa, nnasema, basi siku ile ilikuwaje? Nikajiambia akili yangu ndiyo mbovu."

Nililia. Nikamwambia nitakwenda kwa Mama Ancha sasa hivi, ni hatua ishirini tu. Akanikamata kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa bado na nguvu.

"Usende. Mzigo huu mie nshauzoea. Wewe utakuvunja. Na ulikuwa ntoto." Kisha akasema, "Nipe maji."

Nitasema kweli: nilifurahi aliponikataza. Nilimpa maji, nikaenda kwangu, na usiku huo nililala vizuri, jambo ambalo siwezi kujisamehe.

Alifariki mfungo ulipokaribia. Wanawake tulipoingia kumuaga, kama ilivyo desturi, mwoshaji akasema, "Aliyekosewa na marehemu amsamehe." Tukaitikia tumemsamehe, sauti za chini, za mazoea. Halafu Mama Ancha akasimama kwa fimbo yake. Akasogea mpaka miguuni pa maiti, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barazani kwa wanaume, "Somoe, nimekusamehe kifo cha mwanangu." Wanawake wakalia kwa uzuri wa jambo lile. Wakasema huyu ni mtu wa peponi. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya marashi, nimesimama katikati yao, sikusema neno. Shangazi yangu akaenda kaburini amesamehewa kosa langu.

Juzi mwanangu wa mwisho alinionyesha simu. "Mamá, tazama, inasema mwezi utaandama lini. Maré nayo imo, kujaa na kupwa kwa maji, saa na dakika." Ni kweli, ilikuwemo, hesabu yote ya vyungu iko ndani ya kioo, na haimtegemei mtoto yeyote kuwa mkweli. Nikamuuliza, "Na kisima cha mchangani, kimo?" Akacheka, akadhani natania. Watoto wa Kitunda wanajua dakika ya maji kukauka na hawana ufukwe wa kuukanyaga. Ya kwetu yamebaki nyuma ya uzio. Mlango wa Mawe, kama bado umesimama, hakuna anayeupa salamu, na kaburi la Ancha liko upande ule ule. Enzi zetu tulikuwa na bahari yote na kinga yetu ilikuwa neno la mtu. Niliwahurumia hawa watoto, kisha nikakumbuka neno langu lilifanya nini, nikamrudishia mwanangu simu yake.

Basi wenzangu, nyie mliovuka mkondo ule mmeshika kapulana, msiliseme tena lile neno. Somoe hakukosea hesabu. Mama Ancha hajui kusoma, na Shangazi alinikataza, lakini nimeamua kumwasi. Karatasi hizi ninazo mkononi. Mlango wake uko wazi, namwona kutoka hapa, ameketi anachambua mchele. Nakwenda kumsomea.