Nilivyomfasiri Mpiga Gitaa wa Marekani Pale Munje

Mjukuu wangu ana video za zamani kwenye simu yake, za wanamuziki weusi wa Marekani, wale wa jazi na bluzi, wakipiga jukwaani na jasho likiwatiririka. Anazitazama huku amefumba macho, jambo ambalo mimi sijapata kulielewa. Wiki iliyopita aliniambia, "Bibi, hawa wewe huwezi kuwajua." Nikamjibu kwamba nawajua, na kwamba mmoja wao nilimharibia jina mbele ya kijiji kizima cha Munje. Hakuamini. Kwa hivyo naandika.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu wa gumbaru, yaani masomo ya watu wazima, nikiwafundisha akina mama kusoma na kuandika kando ya ghala la mbata, zile nazi zilizokaushwa. Umri wangu ulikuwa kama miaka ishirini, na nilikuwa na sifa iliyonizidi kimo: watu walisema najua Kizungu. Ukweli ni kwamba nilijua Kizungu cha kitabu kimoja tu, ambamo mtu na mbwa wake walikuwa wakienda sokoni. Nje ya mbwa yule na soko lile, sikujua kitu. Lakini sikuwahi kumwambia mtu. Kila barua ya Kizungu iliyofika Munje ililetwa kwangu, nami niliitazama kwa muda wa kutosha, kisha nikasema, "Wanawasalimu sana."

Siku moja asubuhi likaja gari la sinema. Mwenye gari alikuwa bwana mmoja mnene wa kutoka bara, mpole, mwenye kujifuta jasho kila baada ya maneno mawili. Alikuja kutuonyesha picha ya namna ya kuchimba choo. Kwa desturi sinema ilionyeshwa jua likishatua, lakini jioni ile alitakiwa awe Kikoneni, kwa hivyo akauliza kama tuna chumba chenye giza. Tukampa ghala. Akina mama wakaleta mikeka na kanga, wakaziba kila tundu, na mle ndani mkawa giza totoro na joto la tanuri, na harufu ya mbata ikatukaa kooni.

Baada ya sala ya adhuhuri watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Mbele kabisa alikaa bibi yangu, mama yake mama, juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, kwa kuwa hakuamini viti vya watu wengine. Meno ya mbuzi yalitazama pembeni, na upande ule hakuna aliyemsogelea.

Picha ikaanza. Akatokea mtu, akainua sururu, na mkanda ukakatika. Yule bwana akahangaika nao, akauunga, ukakatika tena. Mwisho akatoka mbele akasema, "Wananchi, hii ya choo imekataa. Mtanisamehe, mwende nyumbani."

Hakuna aliyeinuka. Watu walikuwa wamevua kanga zao za heshima wakazibia madirisha. Hawakuwa tayari kwenda nyumbani.

"Hiyo nyingine nayo?" bibi yangu akamwuliza, akiuonyesha mkebe wa pili uliokuwa miguuni pa yule bwana.

Yule bwana akaeleza kwamba mkebe ule alipewa Diani na mgeni mmoja Mmarekani aliyelala hotelini na kumwomba ampeleke feri, akamwachia kama shukrani. Ndani yake hakujua mna nini. "Lakini ni sinema," akasema, na watu wakaona hiyo inatosha. Kisha akanigeukia na kipaza sauti. "Mwalimu, nimesikia wewe unajua Kizungu. Utawafasiria?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Lakini wanafunzi wangu wote waligeuka kunitazama, na nyuso zao zilijaa fahari. Nikakishika kile kipaza sauti.

Ukutani likatokea jumba kubwa lenye watu waliovaa suti, na jukwaani wanaume weusi kama sisi, wenye tarumbeta, kinanda, ngoma, na zeze kubwa kama mlango. Kwa muda hakuna aliyeimba, nami nikashukuru.

"Wanapiga muziki," nikasema.

"Tunaona," akasema bibi.

Kisha akaletwa mzee mmoja mwenye gitaa, akaketishwa kwenye kiti, akaanza kuimba. Sikuambulia kitu. Aliimba kama mtu aliyetia muhogo wa moto mdomoni. Nilishika neno moja tu, nalo lilikuwamo katika kile kitabu changu.

"Asubuhi," nikasema.

Ghala zima likangoja.

"Asubuhi kumekuwaje?" bibi akauliza.

Nikamtazama yule mzee. Alikuwa amefumba macho na kukunja uso kama aliyefiwa. "Asubuhi aliamka," nikasema, "akakuta mkewe hayupo."

Watu wakaguna kwa huruma. Yule mzee akarudia mstari uleule vilevile, na mimi sikuwa na la kufanya ila kumfuata. "Asubuhi aliamka akakuta mkewe hayupo."

"Hilo tumelisikia," akasema mzee wa zumari, aliyeketi nyuma ya bibi. Huyu ndiye aliyetupigia zumari kwenye ngoma na arusi zote, kuanzia Munje hadi Msambweni, na mambo ya muziki aliyatazama kwa jicho kali.

"Ni yeye anarudia," nikajitetea. Mstari wa tatu ulikuwa tofauti, ikanibidi nitafute tofauti. "Ameondoka na masufuria."

"Yote?" akauliza mama mmoja.

"Yote."

"Na mwiko?"

Nikasikiliza gitaa kwa makini. "Mwiko ameuacha."

Sinema ikasahaulika. Wanawake wakasema mke haondoki hivihivi, lazima yule mzee alikuwa na mambo yake. Wanaume wakauliza masufuria yalinunuliwa na nani. Mwenye gari akawasihi wanyamaze, lakini pale wimbo ulipokwisha na lile jumba la Marekani likalipuka kwa makofi, Munje ikakasirika kabisa.

"Mwenzao amefikwa na jambo, wao wanampigia makofi?" bibi akauliza.

"Wanamliwaza," nikasema. Jasho lilikuwa linanitoka kuliko la mwenye gari.

Akaingia mwanamke mnene aliyevaa gauni jeupe na kofia, naye ana gitaa, naye anacheka. Akaimba kwa furaha iliyonitisha.

"Ndiye huyo," akasema bibi.

"Ndiye nani?"

"Mke."

Shauri hilo likapita bila kupingwa. Tangu hapo sikuhitaji kufasiri tena. Watu walijifasiria wenyewe, nami nikiitikia kwa kichwa gizani. Mtu mmoja akasema masufuria ameyauza akanunulia lile gitaa, na hata mimi nikaona ndivyo ilivyokuwa.

Mwisho akaja mpiga tarumbeta mwenye mashavu kama mafenesi. Mzee wa zumari akasimama. Alimtazama kwa muda, kisha akasema kwa dharau, "Huyo anapumua." Kwa maana mpiga zumari wa kweli haitoi zumari mdomoni ili avute pumzi, huvuta pumzi kwa pua huku bado anapuliza. Akaichomoa zumari yake kwenye shuka, akaanza kushindana na ukuta. Watu wakapiga makofi ya ngoma, vumbi la mbata likapanda, na wale wawili wakapigana hivyo mpaka mkanda ukaisha na ukuta ukawa mweupe. Zumari ilikuwa bado inalia. Hadi alipokufa, mzee yule aliwasimulia watu kwamba alimshinda Mmarekani.

Kanga zilipoondolewa madirishani nikamwona mlangoni mwanamume nisiyemjua. Alikuwa ametia kona ya kikoi chake mdomoni na machozi yakimtoka. Nikasikia mtu akisema ni baharia wa Msambweni, amerudi baada ya miaka mingi melini, sasa anafanya kazi Ramisi kwenye kiwanda cha sukari.

"Wewe umefika Marekani," mzee wa zumari akamwambia. "Mwalimu wetu amefasiri sawasawa?"

Yule baharia akakitoa kikoi mdomoni.

"Amefasiri sawasawa," akasema. "Ila mwiko. Mwiko nao mke aliuchukua."

Watu wakasikitika zaidi. Nje alinifuata hadi kwenye ubao wangu wa kufundishia, akaniamkia kwa adabu zote.

"Wimbo ulikuwa wa nini?" nikamwuliza.

"Wa punda."

"Punda amefanya nini?"

"Amekataa kuamka."

"Basi asubuhi nililipata."

"Hilo ulilipata vizuri sana," akasema.

Bibi yangu aliamua kwamba yule mzee wa gitaa hawezi kuachwa hivihivi, aandikiwe barua. Darasa langu likaiandika, kila mama na mstari wake, na sijawahi kuwaona wakishika kalamu kwa bidii kama ile. Walimshauri aende kwa wakwe na watu wazima wawili, anunue masufuria mengine, na aache kuimba mambo ya nyumbani mbele za watu. Baharia akajitolea kuitia Kizungu. Ilikuwa barua ya mistari kumi, naye aliifanyia kazi kwa jioni kumi na moja, barazani kwetu, na kila akija husema, "Shikamoo bibi, nimekwama kwenye neno moja." Jioni ya kumi na moja bibi akamwambia, "Marahaba. Neno lenyewe ni posa, nenda kawalete wazee wako." Akaenda akawaleta.

Barua tukampelekea mwenye gari la sinema. Alirudi baada ya miezi kadhaa, na ile picha ya choo imeungwa. Kabla hajashusha hata jenereta, akina mama walimzunguka wakitaka kujua kama yule mke alirudi. Nilimwona akimtazama yule baharia, ambaye sasa alikuwa mume wangu, na mume wangu akatazama minazi.

"Amerudi," akasema, akijifuta jasho. "Lakini sufuria mbili hazikuonekana."

Bibi yangu akasema sufuria mbili si neno, na watu wakaingia ndani. Picha ya choo ilionyeshwa yote siku hiyo. Niliifasiri neno kwa neno, kwa kuwa mume wangu alikaa nyuma yangu akininong'oneza, na nusu ya ghala wakalala usingizi.