Wanataka Mdogo Wangu Azae Badala Yangu, Naye Ana Dalili Zangu

Naomba ukurasa huu unifichie jina, maana hapa kijijini Ihumwa tunajuana. Nina miaka ishirini na tisa, niko kwenye ndoa mwaka wa saba, na sijawahi kushika mimba. Mume wangu ni karani mjini Dodoma. Mimi nauza mitumba gulioni.

Tangu usichana siku zangu huja zinapotaka. Zinapotea miezi, kisha zinamwagika wiki mbili mfululizo. Nilipoolewa nikanenepa, na nywele zikaanza kuota kidevuni, nikawa nazinyoa mume wangu akiwa bado amelala. Mama mkwe alinipeleka kwa waganga mpaka Mpwapwa. Nikanyweshwa mizizi, nikachanjwa kiunoni, hakuna kilichobadilika.

Hospitali za watu binafsi zilipoanza kufunguliwa mjini, nilimwomba mume wangu twende. Daktari alinisikiliza, akanipa kwanza vidonge vya kuleta siku, kisha nikarudi asubuhi moja kutolewa damu. Alisema kwetu hapa kipimo cha homoni hakuna, damu itapelekwa Dar es Salaam.

Majibu yaliporudi alituita wote wawili. Akaeleza kwamba kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo, ila zangu zimezidi, na zile za kukomaza mayai haziendi sawa, ndiyo maana mayai hayatoki. Akasema siyo laana, na wengi hupata mtoto kwa dawa. Ila ugonjwa huu huweza kuwapata ndugu wa damu. Akataka mume wangu naye apimwe ndipo aanze kunitibu. Machozi yalinitoka. Kwa mara ya kwanza mtu ameniambia naumwa, sina mkosi.

Mume wangu yote hayo hakuyasikia. Alichosikia ni homoni za kiume. Kupimwa akakataa, na tulipofika nyumbani akamwambia mama yake mbele yangu, "Mama, hospitali imethibitisha. Nimeoa mwanaume mwenzangu."

Mama mkwe hakunitukana. Ila tangu siku hiyo, nikinyoosha mikono nimpokee mtoto wa wifi yangu, yeye humwahi kumchukua. Mume wangu alihamia chumba kingine, matibabu yakafia hapo. Gulioni nimeshasikia wakiniita dume, nikajifanya napanga nguo.

Mwezi uliopita wazee wa mume wangu walikwenda kwetu Kongwa, wakamwambia baba kwamba mkubwa ameshindwa, basi wapewe mdogo awazalie. Kwetu jambo hilo si geni. Baba alikubali ili aibu iishe. Mimi sikuulizwa.

Mdogo wangu ana miaka kumi na tisa. Amekuja kukaa nami kidogo ili aizoee nyumba. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Aliniambia, "Dada, bora nije mimi kuliko mgeni. Nikizaa, mtoto atakuwa wako pia."

Juzi tulikuwa tunatwanga mtama. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama huwa naona siku zangu kila mwezi, maana yeye mwaka huu ameziona mara mbili tu. Nilimtazama usoni kwenye mwanga wa jua, nikaona vinyweleo chini ya kidevu. Nikamwambia ni mawazo tu, nikaendelea kutwanga.

Ndugu wasomaji, nikiwaambia wazee kwamba mdogo wangu naye ana dalili zangu, watasema nina wivu. Wakiniamini, hakuna nyumba Kongwa itakayomposa tena, na ukoo wetu wote utaitwa wa madume. Nikinyamaza, ataingia kwa mwanaume ambaye hajapimwa na hataki kupimwa, alale chumba ambacho mlango wake naupita kila siku, asubiri mimba kama nilivyoisubiri mimi.

Jumapili wazee wa kwetu wanakuja kumkabidhi. Sasa hivi yuko uani anasuka nywele na kuimba, akinikuta nalia ananiomba msamaha. Nianze kumwambia nani, na kwa maneno gani? Nisaidieni mawazo, hasa kina mama mliopitia haya.