Tindo Langu na Mzee wa Uongo

Mwaka wa 1953, nikiwa na miaka ishirini na miwili, tulifukuzwa kwenye shamba la mzungu karibu na Thika tukiwa na sufuria moja na mbuzi kilema. Shule nilisoma miaka miwili tu. Nikaenda kuchonga mawe kwenye timbo moja huko Ruiru.

Nyapara alitwambia siku ya kwanza: atakayetoa mawe mabovu wiki mbili mfululizo, arudi kwao. Mimi sikuwa na kwetu.

Shida yangu haikuwa mawe. Ilikuwa jamaa mmoja mwenye upara na ndevu, aliyejiita rika la baba zetu. Kwetu, aliyetahiriwa kabla yako ni mkubwa wako, hata akiwa mjinga. Basi kila asubuhi alichukua tindo langu nililonoa jioni, akaniachia lake, butu kama kisigino.

"Lete hapa, kihii wewe!"

Kihii ni mvulana asiyetahiriwa. Mwanamume hana tusi kubwa kuliko hilo. Na ukikataa, sauti yake inalainika kama uji: "Sawa, mwanangu, mnyime mzee. Laana haina uzito, utaibeba tu." Unampa, na msamaha unaomba wewe! Wiki ya kwanza mawe yangu yalitoka kama mihogo.

Jumanne ya wiki ya pili mama yake akaja kumwona, na kikapu cha viazi. Nikampa maji, nikamwambia, "Maitu, mama yetu, huyu mwanao mzee anatutunza."

"Mzee gani?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Upara ni wa ukoo, hata babake alioa nao. Huyu katahiriwa juzi, mwaka uliofuata ule wa nzige. Na alikimbia! Tulimtoa kwa ghala la mahindi."

Mimi nilitahiriwa mwaka wenyewe wa nzige.

Nikaenda nikakaa juu ya jiwe lake.

"Kihii, tindo langu. Na maji."

"Lakini ndugu yangu, sisi marafiki..."

"Husikii?" mama yake akamkemea. "Mpe mkubwa wako maji!"

Akaleta. Jumamosi nyapara akapitisha kiganja juu ya mawe yangu, akayahesabu na mazuri. Nikabaki kazini. Yeye pia alibaki, akajifunza kunoa.

Leo nina nyumba ya mawe Gitothua, vyumba sita. Ploti mbili. Kahawa ekari tatu, Kalimoni. Ng'ombe wanne. Tindo moja, lenye makali. Haliazimwi.