Mama Mkwe Aligonga, Nikaongeza Sauti ya Mpira

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia utetezi. Jina langu halina kazi hapa, na la mtoto wangu nimelibadilisha, tumwite Kabula. Mimi ni Baba Kabula wa Samuye, mwanaume wa nyumbani.

Nikisema wa nyumbani unielewe vizuri. Kidato cha nne nilimaliza, lakini tangu nirudi na sanduku langu miguu ilikataa kwenda mbali tena. Mashine yangu ya kusaga iko uani. Nikifika Shinyanga mjini kununua mikanda ya mashine, jioni nasimulia kama nimetoka Ulaya. Vijana wa kijiweni wananiita Bibi Harusi, wanauliza nitatolewa nje lini.

Basi nilitolewa. Na ingekuwa heri ningebaki ndani!

Mama mkwe wangu alikuwa Ushetu, kwenye tumbaku. Macho yalikuwa yameingia ukungu, akimtambua mtu kwa sauti tu. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anachimba dhahabu Rwamgasa. Akapiga simu: madaktari wa macho wamefika Geita, mama aletwe afanyiwe upasuaji, gharama zote juu yake. Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, hawezi safari. Shemeji yuko duarani, huko machimboni, na akishashuka shimoni simu haipatikani. Wa kumpeleka nikabaki mimi.

Sasa kwa sisi Wasukuma, mkwe wa kiume na mama mkwe ni moto na petroli. Humshiki mkono. Huingii alipolala. Huli mbele yake wala yeye hali mbele yako. Akiwa na shida hakuiti wewe, anatuma mtu. Nawe ukiwa na neno unatuma mtu. Katikati yenu kuna mtu siku zote, na ndivyo tulivyoishi miaka yote ya ndoa yangu bila kukwaruzana. Ninayeandika hapa nampenda yule mama. Sijawahi kumkaribia, lakini nampenda.

Mke wangu alilijua hilo, akapanga mapema. Alisema tufikie kwa mama yake mdogo, ana nyumba Geita na mabinti wakubwa wawili. Mama atalala nao, mimi nitapewa sebule. Akanisisitiza jambo moja mbele ya geti, mtoto mgongoni.

"Baba Kabula, mama ana sukari. Akishameza kidonge cha jioni, ale. Si baadaye. Hapo hapo."

Nikasema nimesikia.

Lakini mimi sebule za wakwe nazijua! Unakaa wima kama picha ya ukutani. Unanywa maji kidogo ili usiende chooni mara nyingi. Unalala na shati. Nikaingia kwenye simu, nikaona hoteli mpya ya Geita imejengwa kwa mtindo wa miji ya jangwani. Kuta rangi ya mchanga, milango ya upinde, miti ya miiba kwenye vyungu, taa zimefichwa darini. Wameandika: lala kama uko Arabuni. Hakuna mapokezi, hakuna wa kukuuliza kitambulisho wala unatoka wapi na huyo ni nani wako. Unalipa kwa simu, unatumiwa namba za siri, unabonyeza mlangoni, unaingia.

Moyo wa Bibi Harusi ukadunda. Nikajiambia, hapa nitapiga picha hata kijiweni wakome. Pesa aliyotuma shemeji ilitosha vyumba viwili. Mama mdogo nikampigia kwamba tumepata pa kufikia karibu na hospitali, asihangaike. Mke wangu sikumwambia mpaka tulipokuwa njiani. Kwenye simu akauliza kama kuna wahudumu wa kike. Nikajibu hoteli gani isiyo na wahudumu.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Mama nilimpitia Ushetu. Ndani ya basi yeye alikaa mbele, mimi nyuma kabisa. Pale Geita tukachukua bajaji mbili. Alasiri ile vumbi jekundu lilikuwa limesimama hewani, nami nikashuka mbele ya ile hoteli nikajiona sultani. Kimya. Hakuna mlinzi, hakuna dada wa kufagia, korido inameta kama bakuli.

Nikabonyeza namba za chumba chake, mlango ukalia, ukafunguka. Nikarudi nyuma, nikageukia ukuta. Mama akapita akipapasa. Mkoba wake wa nguo nikausukuma ndani kwa mguu. Usinicheke, ningefanyaje? Kikapu chake cha michembe, yale mapande ya viazi vikavu, nikakizuia, nikakipeleka chumbani kwangu. Kilikuwa na vumbi la safari na mashuka mle yalikuwa meupe. Niliona aibu kwa niaba ya hoteli. Simu yake ya kitochi ilikuwa imezima, nikaiomba nikaichaji chumbani kwangu, maana chaja nilikuwa nayo mimi.

Mlango ule kwa ndani hauna kitasa cha kuzungusha. Kuna kioo cheusi, unakigusa, unangoja taa ya kijani, ndipo unavuta. Nikamweleza huku nikiutazama ukuta, nikimwita Mayu, yaani mama.

"Mayu, pembeni ya mlango kuna kioo cheusi. Ukigusa, taa ya kijani itawaka, unavuta."

"Haya baba. Nimesikia."

Kioo cheusi. Taa ya kijani. Namwambia mama asiyeona! Naye, kwa kuwa ni mkwe, asingeniambia hajaelewa hata kidogo. Angekuwa na mtu wa kumtuma angemwambia, mwambie huyo baba mimi siuoni huo mlango. Hakuwa na mtu. Nyumba nzima haikuwa na mtu. Mlango ukajifunga taratibu.

Jua lilipoanza kuteremka nikamnunulia ugali na sato kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Nikaweka sahani juu ya kiti mbele ya mlango wake, nikaifunika, nikakohoa kama inavyotakiwa, nikasema chakula kipo hapa Mayu, mimi naondoka. Akaitika, wabeja, baba. Asante yake ya mwisho kwangu ndiyo hiyo.

Nikaenda chumbani kwangu, mkabala na chake. Mlango nikauacha wazi kidogo. Baada ya muda nikachungulia: sahani ipo, kifuniko kipo. Kichwa changu cha kidato cha nne kikafanya hesabu. Nikasema, hawezi kutoka kuchukua chakula na mimi nimeacha mlango wazi, anaona aibu. Mkwe gani wewe usiyempa mama nafasi? Nikaufunga. Nikawasha kiyoyozi, nikajitupa kwenye godoro linalomeza mtu, nikawasha mpira. Nikavuta kile kikapu, nikaanza kutafuna michembe yake.

Ndipo nikasikia kugonga.

Haikuwa kwa ngumi. Ilikuwa kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni alale. Ikatulia. Ikaanza tena. Nikapunguza sauti ya televisheni nikasikiliza. Ilitoka kwake.

Nikawaza: angekuwa na shida angeita. Halafu nikajijibu, mkwe haiti. Nikawaza labda anaoga, anakung'uta khanga. Nikawaza nikienda nikafungua nimkute hajavaa, nitaishi wapi? Habari itafika Ushetu kabla yangu. Nitaitwa mwanaume aliyemfungulia mama mkwe mlango. Mke wangu atafunikwa na aibu hiyo mpaka uzee. Na sitaficha: timu yangu ilikuwa inashambulia.

Kwa hiyo nikaongeza sauti. Nilitaka asikie kwamba simsikilizi, awe huru. Naapa hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, adabu. Kiganja kile kiligonga mara nyingine, kikapotelea kwenye kelele za watangazaji, na mimi nikapitiwa na usingizi mtamu kuliko wote niliowahi kulala.

Asubuhi sahani ilikuwa pale pale. Sisimizi wameipata.

Nikagonga. Nikakohoa. Nikamwamkia, mwangaluka, Mayu. Hakuna kitu. Nikaita tena nikiwa nimegeukia ukuta, fikiria ujinga huo, mlango umefungwa na mimi bado nimegeukia ukuta. Shemeji simu haipatikani. Nikapiga namba ya hoteli, akapokea dada mmoja, sijui yuko mji gani. Nikamwambia mama mkwe wangu haitiki. Akaniambia kaka, namba za mlango si unazo, fungua. Nikamweleza kwamba siwezi, ni mkwe. Akasema dada wa usafi hufika baadaye.

Namba nilikuwa nazo! Zilikuwa kwenye simu, mkononi mwangu. Nami nikauacha ule mlango, nikakimbilia barabarani kutafuta mwanamke.

Nikampata mama mmoja anauza uji na chapati pembeni ya lami. Nikamweleza huku nahema. Akafuta mikono kwenye khanga, akamwachia jirani sufuria, akanifuata bila swali. Nikabonyeza namba, mlango ukagoma kufunguka wote, kuna kitu kimeuegemea kwa ndani. Akajipenyeza ubavu. Nikageukia ukuta wangu.

"Baba, njoo umbebe," akaniita.

"Mama, huyo ni mkwe wangu."

"Mkwe hana mwili? Ingia ushike miguu."

Nikaingia. Alikuwa amelala chini ya mlango, shavu kwenye vigae, kiganja kimoja bado kimeegemea mbao. Kumbe aliposikia kikohozi changu cha jioni alimeza kidonge chake, akijua chakula ni hatua moja. Karatasi ya vidonge na glasi vilikuwa hapo hapo sakafuni. Alikuwa anapumua kwa shida, jasho limemlowesha. Nilimbeba. Miaka yote ile sijawahi kumgusa hata kidole, na siku namgusa namkuta mwepesi, kama fuko la pamba lililotoboka.

Hospitali waliuliza amekula lini. Nikasema sijui. Waliuliza nani alikuwa naye. Nikasema mimi. Daktari alinitazama, akaandika. Walimtundikia maji ya sukari, wakahangaika naye, lakini walisema ubongo umekaa bila sukari muda mrefu mno. Hakufungua macho yale aliyoletwa kutibiwa. Mama aliaga dunia mke wangu akiwa bado ndani ya basi, mtoto mchanga mapajani.

Mazishi yalikuwa Ushetu. Na huko, msomaji wangu, ndiko nilikopata adhabu ambayo sikuitegemea. Nilisifiwa! Wazee walisimulia jinsi mkwe yule alivyojiheshimu ugenini, jinsi alivyotafuta mwanamke wa kuingia kwanza, hakukurupuka. Mjomba mmoja aliwaambia vijana wajifunze kwangu. Shemeji alikuja na udongo wa shimoni bado kwenye kucha, akanishika bega, akanishukuru kwa kumlaza mama yake pazuri. Nikala nyama ya msiba nikiwa nimeinamisha kichwa, wakadhani ni huzuni ya mkwe mwema.

Mke wangu alingoja watu watawanyike. Alikuwa anakunja nguo za mama yake. Hakunigeukia.

"Baba Kabula, hakugonga?"

Hapo ndipo mlango wa pili ulipowekwa mbele yangu, na wenyewe nilikuwa na namba zake.

"Hakugonga," nikasema. "Palikuwa kimya."

Akapumua. Akakunja khanga ya mwisho, akasema basi alienda akiwa usingizini, hakuteseka. Tangu siku hiyo akina mama wakija kumpa pole huwaambia hivyo hivyo: mama alilala tu. Wao huitikia kwamba ni neema. Na mimi huwa nimekaa pembeni, nasikia kiganja.

Sijaweza kumwambia. Nikimwambia namnyang'anya kitu pekee kinachomlaza usingizi. Nikikaa kimya najificha nyuma ya msiba wake. Kijiweni siendi tena, na hawaniiti Bibi Harusi, wananipa pole na kiti. Nyumbani nilipokuwa napapenda sipapendi tena, maana mtoto akipiga ukuta kwa mkono wake mdogo nasimama hadi mashine inasaga tupu. Nimeleta hapa kwa watu nisiowajua kile ambacho mtu mmoja tu anastahili kukisikia, na najua hilo pia ni kosa.

Ewe mwanaume unayesafiri na mkwe wako, nakuonya. Mpeleke kwa watu. Hata kama ni sebule ya shida, hata kama utalala na shati. Hizo nyumba nzuri zisizo na mtu hazikujengwa kwa ajili ya adabu yetu sisi, ambayo bila mtu wa katikati haitembei.

Na ukijikuta uko peke yako naye, ukasikia anagonga, usihesabu watasemaje Ushetu. Zima televisheni, nenda ukafungue. Kama hajavaa, mtaona aibu wote wawili, naye atakwenda kukushitaki kwa binti yake akiwa hai.