Dobi na Sabuni ya Kola

Shemeji yangu ni dobi, na kwa usafi hana mpinzani. Shati jeupe likitoka mikononi mwake unaona haya hata kulivaa. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu na chake vimetenganishwa na ukuta wa mabati tu, kwa hiyo kutwa nzima namsikia akipiga pasi huku akiyasema vibaya madoa ya watu.

Ghafla akanyamaza. Akaanza kutembea kwa kutanua miguu, na ukimsalimia anakujibu nusunusu. Kisha dada yangu, ambaye ndiye mkewe, akaja kibandani macho mekundu.

"Kaka, shemeji yako amehamia kwenye kochi, mwezi wa pili huu. Anasingizia mgongo. Kama kuna mwanamke mwingine niambie, maana Jumapili narudi kwa mama."

Damu ilinichemka. Nikazunguka upande wa pili na mkasi wangu mkononi, nimesahau hata kuuweka chini.

"Shemeji, unamfanyia nini dada yangu?"

Alizima pasi, akafunga mlango, akanieleza kwa sauti ya chini. Ngozi ya mbele ya uume wake, govi, ilikuwa nyekundu, inawasha, imechanikachanika na haivutiki nyuma tena. Hajawahi kutoka nje ya ndoa hata siku moja, lakini nani angemwamini? Alikuwa na hakika kwamba ni ugonjwa wa zinaa, au kansa kabisa. Akalia, mtu mzima na ndevu zake. Kusikiliza mambo hayo kutoka kwa mume wa dada yako ni adhabu, nakiri, ila hasira zote ziliniishia palepale.

Kesho yake nikampeleka kliniki. Tabibu alikuwa mama wa makamo, miwani imemshukia puani, na dobi akanishika mkono nisitoke. Alichunguzwa nyuma ya pazia, akapimwa mkojo na damu, na sukari pia. Tulisubiri majibu kwenye benchi, kisha tukaitwa ndani.

"Ugonjwa wa zinaa hakuna," mama yule alisema. "Sukari iko sawa, na sioni dalili ya kansa. Ngozi imeungua tu. Unajiosha na nini?"

Dobi akatazama dari.

"Sabuni ya kola."

"Sabuni ya nini?"

Ikabidi aeleze. Ni mchanganyiko wake mwenyewe, sabuni ya unga na dawa ya madoa, wa kung'oa uchafu sugu kwenye kola za mashati. Siku moja aliona utando mweupe chini ya govi, akauhesabu kuwa doa. Akaanza kujisugua asubuhi na jioni, na kila ilipozidi kuwasha akaongeza dawa.

"Baba," tabibu alisema, "hilo si shati."

Nilicheka hadi tabibu akanitolea macho. Yeye akaendelea kwa upole. Utando ule mwili wenyewe unautengeneza, na hauhitaji vita. Maji ya vuguvugu mara moja kwa siku yanatosha. Avute ngozi taratibu, aishie pale inapokubali bila maumivu, aoshe, akaushe, kisha airudishe mbele. Ikikwama nyuma na kuvimba, akimbilie hospitali saa hiyohiyo. Akampa dawa ya kupaka na kumtaka arudi baada ya wiki mbili. Kama bado itabana, tiba nyingine zipo.

Njiani dobi alicheka peke yake kama mwehu. Mimi pia nilijisikia mwepesi, sifichi. Akanisihi niingie naye nyumbani, kwa woga wa kusema peke yake. Tukamkuta dada amekwisha kutoa begi chini ya kitanda. Dobi akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni, pamoja na sabuni, na mimi nikathibitisha majibu ya vipimo.

Nilitegemea dada acheke au afoke. Aliketi kitandani, akajifunika uso kwa khanga.

"Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani unakimbia harufu yangu. Mwezi wa pili huu naoga mara nne kwa siku."

Dobi alikwenda bafuni, akarudi na kopo lake la mchanganyiko, akanikabidhi nikalitupe. Kisha akakaa kando ya mkewe, na mimi nikaondoka bila kuaga.