Moteri Ikilia

Jirani yangu wa mtaa wa Ngagara, jijini, alikuwa mgonjwa sana, na alitaka jambo moja tu: kusikia sauti ya mama yake. Mama huyo aliishi mlimani juu ya jiji, karibu na mnara wa simu ambao mimi na wenzangu tulikuwa tumeubadilishia umeme juma lililotangulia. Mazutu, yaani dizeli, ilikuwa imeadimika, mnara ukawa unazimika kila mara. Basi tuliondoa jenereta, ambayo watu wa huko huiita moteri, tukafunga paneli za jua na betri. Nilimwambia jirani asihofu, sasa rezo, yaani mtandao wa simu, haikatiki.

Alipiga siku mbili. Simu ya mama yake ilikuwa imezimwa. Asubuhi ya tatu alifariki, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeijua njia, nikatumwa kupeleka habari.

Nilimkuta mama yake akipeta maharage uani. Nikampa habari, akalia. Nilipomuuliza kwa upole kuhusu simu yake, aliitoa kwenye fundo la kitenge. Alikuwa ameizima siku ile tulipoondoka na moteri, ili kutunza chaji. Ndivyo mlima wote ulivyozoea: moteri ikilia, rezo ipo, ikinyamaza, watu huzima simu mpaka ilie tena.

“Mi nilikuwa nangoja moteri ilie,” akasema.

Mlinzi wa mnara nilikuwa nimemweleza kila waya. Kwamba umeme wa jua hauna mlio, sikumwambia mtu.

Aliiwasha simu. Ikatetemeka mkononi mwake tena na tena, kwa taarifa za simu alizokosa, zote za namba moja.

“Mutoto wangu alikuwa ananiita,” akaniuliza, “na munara ulikuwa muzima?”

Ningeweza kukana. Mnara ule ulikuwa umezimika mara nyingi kiasi kwamba angeniamini, na huenda angepata usingizi.

“Ndiyo, mama. Ulikuwa muzima. Kosa ni letu, hatukuwaeleza.”

Aliutazama mnara.

“Basi eleza sasa. Ngoja wenzangu wafike.”

Majirani walikuja kumpa pole, wakaketi. Nikaeleza polepole: paneli zinalisha betri mchana, betri zinalisha mnara usiku, na hakuna kinachonguruma. Wazee waliniomba nirudie, nikarudia. Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kutoa simu zao na kuziwasha.